Maumivu Sugu na Majeraha Yanayojirudia: Tiba Inayotafuta Chanzo, na Njia ya Kuipata Huduma Kilosa na Mikumi

Maumivu ya mgongo, goti, bega au shingo yakidumu kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa na wataalamu wa afya maumivu sugu. Hayo si maumivu ya siku mbili baada ya kulima, wala si uchovu wa safari. Ni yale yanayomwamsha mtu asubuhi kabla jogoo hajawika, yakapungua akinywa dawa, kisha yakarejea dawa inapokwisha nguvu. Pamoja nayo yapo majeraha yanayojirudia: kifundo cha mguu kilichoteguka mwaka jana kinateguka tena mwaka huu, na kiuno kilichokaza wakati wa palizi kinakaza tena wakati wa mavuno.

Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako mji wa Mikumi nao umo, tatizo hili linagusa moja kwa moja riziki ya kaya. Wakazi wengi wa wilaya hii huishi kwa nguvu za mwili. Mgongo ukigoma, shamba halilimwi, pikipiki haitoki na ada ya shule hailipwi. Kwa sababu hiyo ni muhimu mwananchi akaelewa kwa nini maumivu hayaishi, ni tiba gani inayofaa, ni dalili zipi zinazohitaji hospitali bila kuchelewa, na ni nani mwenye sifa ya kuugusa mwili wake.

Makala haya yanaeleza mtazamo wa tiba uitwao osteopathia, namna unavyokaribiana na fiziotherapia inayotolewa katika mfumo wa afya wa Tanzania, na hatua ambazo mkazi wa Kilosa au Mikumi anaweza kuzichukua.

Kazi zinazoacha alama mwilini

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo inaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Maumivu hayo ndiyo sababu inayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu wa kiwango fulani.

Kilosa ina mazingira yanayoeleza vizuri tatizo hilo linavyoanza. Upande wa Ruhembe na Kidodi kuna mashamba ya miwa. Mkata miwa huinama, hushika bua kwa mkono mmoja na kulikata kwa panga kwa mkono wa pili, kisha hujizungusha kulitupa. Mwendo huo hurudiwa mara nyingi kwa siku, daima kwa upande uleule wa mwili. Upande wa Kimamba na Rudewa kuna mashamba ya mkonge, ambako kazi ni kukata majani, kuyafunga na kuyabeba mafungu. Kwingineko wakulima hutumia jembe la mkono kwa mahindi na mpunga, na wafugaji hutembea mwendo mrefu wakifuata malisho na maji.

Mikumi ina sura yake. Mji huo umekaa kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Madereva wa malori hukaa kwenye kiti kwa saa nyingi. Waendesha bodaboda hupokea mtikisiko wa barabara kupitia mikono, mabega na kiuno. Ajali za barabarani nazo huwaachia baadhi ya manusura maumivu yanayodumu muda mrefu baada ya mfupa kuunga.

Nyumbani hali si nyepesi zaidi. Mwanamke anayebeba ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni na mzigo wa kuni siku hiyohiyo hufanya kazi ambayo haihesabiwi kuwa ajira, lakini mwili wake huihesabu.

Osteopathia ni nini

Osteopathia ni utaratibu wa uchunguzi na tiba uliobuniwa nchini Marekani na daktari Andrew Taylor Still, aliyetangaza mawazo yake mwaka 1874 na kufungua shule ya kwanza katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, mwaka 1892. Still alikuwa amepoteza watoto kwa ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Aliona kuwa dawa nyingi za zama zake zilidhuru kuliko kuponya, akaanza kutafuta tiba inayotegemea elimu ya maumbile ya mwili na kazi ya mikono.

Msingi wa osteopathia una mambo matatu. Kwanza, mwili ni kitu kimoja, hivyo goti linalouma halichunguzwi peke yake bali pamoja na nyonga, kifundo cha mguu, mgongo na kazi anayoifanya mgonjwa. Pili, umbo na utendaji hutegemeana: ungio lisilokunjuka vizuri hubadilisha namna misuli inavyofanya kazi, na misuli iliyodhoofika hubadilisha mzigo unaolifikia ungio. Tatu, mwili una uwezo wa kujirekebisha, na kazi ya mtabibu ni kuondoa vizuizi vya uwezo huo.

Hadhi ya taaluma hii hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani wahitimu wa vyuo vya osteopathia ni madaktari kamili wenye haki ya kuandika dawa na kufanya upasuaji. Nchini Uingereza ni taaluma inayojitegemea, iliyowekewa usajili kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2010 WHO ilitoa mwongozo wa viwango vya mafunzo ya osteopathia ili kuzisaidia nchi kutofautisha mtaalamu aliyesoma na mtu anayejiita mtaalamu.

Si kila dai lililotolewa na waasisi wa osteopathia limethibitishwa. Imani ya awali kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na hitilafu ya mifupa na maungio haikubaliki tena katika sayansi ya tiba. Kunyoosha mgongo hakuponyi kifua kikuu, malaria, kisukari wala saratani, na mtu anayeahidi hivyo apaswa kuepukwa. Kilichobaki na thamani ni namna ya kumtazama mgonjwa: kuuliza kwa kirefu, kugusa kwa uangalifu, kuangalia mwendo wa mwili mzima na kutafuta kinachoyarudisha maumivu.

Mtazamo huo si wa osteopathia peke yake. Hapa nchini ndio unaofuatwa pia na wataalamu wa fiziotherapia, wakiwemo wanaofundishwa katika chuo cha KCMC mjini Moshi. Wao ndio mwananchi wa Tanzania anaoweza kuwafikia kwa urahisi zaidi kupitia hospitali, chini ya kile ambacho sekta ya afya hukiita huduma za utengemao.

Kwa nini maumivu hubaki baada ya jeraha kupona

Wengi huamini kuwa maumivu ni kipimo cha uharibifu: yakiwa makali, basi mfupa au msuli umeharibika sana. Kwa jeraha jipya, mara nyingi ni kweli. Kwa maumivu ya miezi na miaka, mambo hubadilika.

Maumivu ni tahadhari inayotengenezwa na mfumo wa fahamu. Mtu akiumia, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na ubongo huamua kiasi cha hatari. Tahadhari ikilia kwa muda mrefu, mfumo wenyewe huwa mwepesi kupita kiasi. Hufanana na mbwa wa lindo aliyewahi kuvamiwa na mwizi: baada ya hapo hubweka hata jani la mgomba likitikiswa na upepo. Mwizi hayupo, lakini kubweka ni kwa kweli.

Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa maumivu sugu. Picha ya eksirei inaweza isionyeshe tatizo, naye akaambiwa hana kitu. Kauli hiyo humuumiza na si sahihi. Maumivu yake ni ya kweli, ila chanzo chake kimehama kutoka kwenye jeraha na kuingia katika namna mfumo wa fahamu unavyopokea taarifa. Kukosa usingizi, msongo wa mawazo, hofu ya kupoteza kazi na kukaa bila kujongea huuzidishia mfumo huo wepesi wa kushtuka.

Kinyume chake pia hutokea. Picha huonyesha pingili zilizochakaa au diski zilizobonyea kwa watu wengi wa makamo wasio na maumivu yoyote. Hivyo picha pekee haitoshi kueleza ugonjwa, na mtu hapaswi kukata tamaa kwa sababu ameambiwa mgongo wake umesagika.

Kwa nini jeraha hurudi

Kigezo kikubwa kinachotabiri jeraha jipya ni kuwahi kuumia mahali hapohapo. Wachezaji wa mpira wa miguu hulijua hili kwa misuli ya nyuma ya paja, na wakulima kwa viuno vyao. Sababu kuu ni tatu.

Ya kwanza ni kurudi mapema. Uvimbe na maumivu hupungua ndani ya siku au wiki chache, lakini kano na misuli huhitaji muda mrefu zaidi kurejesha nguvu. Mtu hujiona amepona kwa sababu haumwi, akabeba gunia, na kano ambayo haijakomaa ikaachia.

Ya pili ni kupotea kwa uwezo wa mwili kuhisi mkao wake. Katika kano za kifundo cha mguu mna vihisishi vinavyouarifu ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Mguu ukiteguka, vihisishi hivyo navyo huathirika. Mtu akikanyaga jiwe au tuta la shamba, misuli huchelewa kuitikia na kifundo hupinduka tena. Ndiyo maana mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, yanayoonekana mepesi mno, ni sehemu ya tiba. Yameonekana kupunguza kuteguka upya.

Ya tatu ni kwamba chanzo hakijaondolewa. Mpini wa jembe ni mfupi, kiti cha pikipiki kimebonyea, mzigo hubebwa bega moja tu, au nyonga imekaza kiasi kwamba mgongo hulazimika kuinama kwa niaba yake. Mgonjwa hutibiwa, kisha hurudi kwenye jambo lilelile lililomuumiza.

Uchunguzi unavyofanyika

Mtaalamu mwenye kufuata utaratibu huanza kwa maswali kabla ya kumgusa mgonjwa. Huuliza maumivu yalianza lini na kwa tukio gani, saa ngapi huwa makali, yanasambaa wapi, nini huyapunguza na nini huyaongeza. Huuliza kazi, usingizi, magonjwa mengine, dawa zinazotumika na hofu aliyonayo mgonjwa. Swali moja lina uzito wa pekee: ni jambo gani mgonjwa angependa kuweza kulifanya tena? Jibu lake, kama ni kupalilia ekari moja au kuendesha pikipiki hadi Ulaya na kurudi, ndilo lengo la tiba.

Baadaye humwangalia akitembea, akichuchumaa, akiinama na kunyanyua kitu. Hupima nguvu za misuli, uwezo wa maungio kukunjuka, hisia za ngozi na mwitikio wa mishipa ya fahamu. Kwa mgonjwa wa goti, huangalia pia nyonga na nyayo. Kwa mwenye maumivu ya mkono, hupima na shingo. Mwishoni humweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa anachodhani kinaendelea na mpango wa wiki zinazofuata. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, na pia haki ya kukataa tendo lolote asilolielewa.

Kazi ya mikono na kazi ya mgonjwa

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo kwa watu wazima. Miongoni mwa inayoyapendekeza ni elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, tiba za mikono zikiwemo kunyoosha uti wa mgongo na kuchua, pamoja na msaada wa kisaikolojia. Mwongozo huo haupendekezi matumizi ya kawaida ya mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni.

Tiba ya mikono hulegeza misuli iliyokaza, huongeza uwezo wa ungio kukunjuka na hutuliza mfumo wa fahamu. Kwa wagonjwa wengi nafuu yake ni ya kiasi na ya muda. Thamani yake kubwa ni kufungua mlango ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi ambayo hapo kabla maumivu yalimzuia. Mgonjwa anayechuliwa kila wiki kwa mwaka mzima bila kupewa zoezi hata moja hajapata tiba kamili.

Mazoezi hayahitaji vifaa vya gharama. Kwa maumivu ya mgongo, kutembea kila siku na kuongeza mwendo kidogo kidogo ni mwanzo mzuri. Kuinuka kutoka kwenye kigoda mara kumi bila kutumia mikono huimarisha mapaja na nyonga, ambazo ndizo zinazopaswa kubeba kazi ya kunyanyua. Kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na kuinua kiuno polepole huimarisha makalio na misuli ya mgongo. Kwa kifundo cha mguu, kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30 karibu na ukuta, kisha kurudia macho yakiwa yamefumbwa, hurejesha mizani.

Kipimo cha usalama ni rahisi kukikumbuka. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika iwapo yanatulia ndani ya saa 24. Yakizidi hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe bila kuachwa. Kulala kitandani kwa siku nyingi hudhoofisha misuli na huchelewesha kupona. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 12 za kufuata mpango kwa uaminifu. Anayeacha baada ya wiki ya pili kwa kuwa hajapona huwa ameondoka njiani kabla ya kufika.

Dawa za maumivu zina mipaka

Diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za jamii hiyo hupunguza maumivu na uvimbe, na zina nafasi yake katika tiba. Hatari hutokea zinapogeuzwa chakula cha kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kutoka damu tumboni, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha huziweka figo zake katika hatari zaidi.

Vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamo. Mtu anaweza kumeza hivyo na vingine vya parasetamo bila kujua kwamba amezidisha dozi. Kwa mtu mzima, parasetamo isizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Wajawazito, wazee, na wenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo wasitumie dawa hizi kabla ya kupata ushauri wa mtaalamu wa afya.

Dalili zinazohitaji hospitali bila kuchelewa

Maumivu mengi ya mgongo na maungio si hatari kwa maisha. Yapo machache ambayo hayapaswi kuchuliwa wala kunyooshwa kabla ya uchunguzi wa daktari. Mwananchi afike hospitali siku hiyohiyo akiona yafuatayo:

Kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, kufa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu kulegea ghafla.

Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka juu, kugongwa na chombo cha moto au ajali yoyote kubwa, hasa kwa mzee.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito bila sababu au kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili za mgongo, na kisipotibiwa mapema huweza kuacha kibiongo au kupooza.

Ungio moja lililovimba ghafla, likawa na joto na homa.

Maumivu ya bega au mkono wa kushoto yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi.

Kwa wilaya yenye wafugaji, upo ugonjwa mwingine wa kukumbukwa: brusela, unaofahamika kwa wafugaji kama ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo. Huwaambukiza binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa au kugusa majimaji ya mnyama aliyezaa au kutupa mimba. Huleta homa inayopanda na kushuka, uchovu, na maumivu ya mgongo na maungio yanayoweza kudumu kwa miezi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kupimwa na kupewa dawa za kuua bakteria, si kuchuliwa.

Mtoto au kijana anayelalamika mara kwa mara maumivu makali ya mifupa apimwe selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, takribani 11,000 kila mwaka.

Kuchua na kuunga mifupa kwa njia za asili

Jamii nyingi nchini zina wazee wenye ujuzi wa kuunga mifupa na kuchua, na wananchi huwaendea kwa sababu wako karibu na wanaaminika. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua huduma hizo na iliunda Baraza la kusajili na kusimamia watoaji wake. Mwananchi anayo haki ya kumuuliza mtoa huduma kama amesajiliwa.

Hata hivyo, mfupa unaodhaniwa kuvunjika upigwe picha kwanza. Mabanzi yakifungwa kwa kukaza mno huzuia damu kupita. Vidole vikivimba, vikawa baridi, vikabadilika rangi, vikafa ganzi au maumivu yakazidi badala ya kupungua, mabanzi yalegezwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali. Saa chache za kuchelewa zinaweza kumgharimu mkono au mguu. Vilevile shingo isizungushwe kwa nguvu na mtu asiye na mafunzo. Mlio unaosikika ungio linaponyooshwa hauthibitishi kuwa mfupa umerudi mahali pake.

Mahali pa kuanzia

Mwananchi mwenye maumivu yasiyoisha aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atachunguzwa na kupewa rufaa inapohitajika. Hospitali ya Wilaya ya Kilosa na Hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi ndizo ngazi zinazofuata kwa wakazi wengi, na juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Matatizo magumu ya mifupa na mishipa ya fahamu hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, au Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Wakazi wa Kilosa wanaweza kufika katika majiji hayo kwa treni ya SGR kupitia kituo cha Kilosa.

Anayefika kwa daktari aulize mambo matatu: nini kinachodhaniwa kuwa chanzo cha maumivu, kama anahitaji fiziotherapia na itapatikana wapi, na mazoezi gani ayafanye nyumbani. Mwenye bima ya afya aulize mapema idadi ya vipindi vya fiziotherapia vinavyolipiwa. Kwa ushauri wa jumla, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya hupatikana bila malipo kwa namba 199.

Haki ya mfanyakazi aliyeumia kazini

Kwa aliyeajiriwa, maumivu yanayotokana na kazi ni suala la kisheria pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, hugharamiwa na michango ya waajiri. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili hiyo. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na huduma za utengemao kwa anayehitaji kurejeshewa uwezo wa kufanya kazi. Sheria inahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Wengi hupoteza haki hiyo kwa kunyamaza. Mkata miwa au dereva anayeumia kiuno akaendelea kufanya kazi bila kutoa taarifa, kisha akaanguka baada ya mwaka, hukosa ushahidi wa siku ya kwanza. Mfanyakazi amtaarifu mwajiri mara tu anapoumia, ahakikishe tukio limeandikwa, na atunze karatasi zote za hospitali. Mwajiri naye ana wajibu, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, wa kuhakikisha mazingira ya kazi hayaumizi.

Kinga kabla ya msimu

Mengi yanawezekana kabla ya kufika hospitali. Mpini wa jembe uwe na urefu unaomwezesha mkulima kulima bila kuinama hadi chini. Mzigo ushikwe karibu na mwili na unyanyuliwe kwa nguvu za miguu. Gunia zito libebwe na watu wawili, au kwa toroli. Anayekata kwa mkono mmoja apumzike mara kwa mara na kunyoosha upande wa pili. Dereva asimame na kutembea kidogo anapopata nafasi salama ya kuegesha.

Anayetoka katika miezi ya kukaa asianze msimu wa kilimo kwa kulima siku nzima. Siku za kwanza ziwe fupi, kisha ziongezeke kadiri mwili unavyozoea. Na aliyewahi kuumia aendelee na mazoezi yake hata baada ya maumivu kuisha, kwa kuwa kipindi hicho cha kujiona mzima ndicho majeraha mengi hurudia.